Doa Chini ya Zulia

Carmen Galea aliishi kwa uchafu wa watu wengine, na hakuona haya kulisema hilo. Viti vya barazani, mito yake, mazulia yake, meza za mtiki zilizopauka kwa jua na chumvi ya bahari, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka kumi na minane, katika vitongoji vya pwani kuanzia Slade Point hadi Bucasia. Zaidi alishinda kilimani Eimeo, ambako kila baraza hutazama maji na kila mto wa kiti huota ukungu mvua zikikaribia.

Madoa aliyajua kama mpishi anavyojua viungo. Masizi ya miwa iliyochomwa hupanguswa yakiwa makavu. Ukiyatia maji tu, umeyapaka rangi ya kudumu. Kinyesi cha popo huondoka kwa siki, ukikiwahi kabla jua halijakikausha. Mafuta ya kujikinga na jua huacha umanjano pale tu mabega yanapoegemea, wala si kwingineko.

"Doa halisemi uongo," alizoea kumwambia mumewe, Lenny, aliyekuwa dereva wa mashine za kuvunia miwa. "Wanaosema uongo ni watu."

"Ndiyo maana wewe hupati marafiki," Lenny alikuwa akimjibu.

Miongoni mwa wateja wake walikuwamo Neville na Coral Sturgess, wazee wawili wenye nyumba ya mbao juu kabisa ya kilima. Neville alikuwa amestaafu kiwandani, alikokuwa fundi mkuu wa mitambo ya sukari. Pande la mtu, mzito wa maneno. Coral alikuwa mwalimu zamani, na maneno kwake hayakuwa mazito hata kidogo. Miaka minane mfululizo, kila ilipofika wiki ya pili ya Novemba, Coral ndiye aliyempigia Carmen simu, ndiye aliyempokea ngazini, na ndiye aliyekaa kwenye kiti chake kilicho karibu na ngazi akimwelekeza jinsi ya kusugua, kana kwamba Carmen alianza kazi jana. Neville humwoni. Akitokea, anatokea kuuliza chai iko wapi.

Mwaka huo aliyepiga simu alikuwa Neville.

"Njoo uoshe mito," alisema, akakata.

Carmen alipopanda ngazi asubuhi ile, barazani hapakuwa na mtu. Alibisha mlango wa wavu. Neville akatoka polepole, kofia ya majani kichwani, ukingo wake umeshushwa mpaka masikioni, ingawa palikuwa na kivuli.

"Mzee Neville, habari za siku? Coral yuko wapi?"

"Adelaide. Binti yetu amejifungua."

"Mbona Coral aliniambia ni Januari?"

"Mtoto amewahi." Alisema hivyo akitazama ndoo ya Carmen, si uso wake. "Viti ni hivyo hapo. Zulia liache, nimeliosha mwenyewe."

Akarudi ndani, akafunga na mlango wa mbao, mlango ambao Carmen hakuwahi kuuona umefungwa mchana.

Carmen alisimama na brashi yake mkononi. Katika miaka minane hakuwahi kumwona mzee huyu akiosha kikombe. Leo ameosha zulia zima, la mita tatu kwa mbili, na kulikunja, na kulifunga kamba, na kulisimamisha ukutani kama mgeni asiyekaribishwa kukaa?

Alianza kazi, lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kazi yao wenyewe. Viti vilikuwa sita, mito ilikuwa mitano. Uliokosekana ulikuwa wa kiti cha Coral, ambao Coral alikuwa ameushona kwa mkono wake, wa buluu wenye majani meupe. Kisha zile mbao za sakafu: pale zulia lilipokuwa likitandikwa palikuwa na mahali pamesuguliwa kwa brashi ya waya, tena kwa kukatisha nyuzi za mbao, jambo ambalo hata mtoto wa fundi halifanyi. Aliyesugua pale alikuwa na haraka.

Akajiambia, hayanihusu. Akachanganya siki na maji, akainyunyizia mito, akaiacha inywe. Akaosha chumvi kwenye miguu ya viti. Akashika msasa akaanza kulainisha meza, akifuata mbao zinavyokwenda. Kila alipoinua kichwa, zulia lilikuwa palepale ukutani.

Mwishowe alilifungua kamba.

Upande wa juu ulikuwa umetakata kupita kiasi, rangi imechujuka. Mtu alikuwa amelimwagia maji ya moto. Aligeuza ncha ya chini. Hapo palikuwa na doa la hudhurungi iliyokolea, pana kama sinia, kingo zake nyeusi.

"Nilikwambia uliache!"

Carmen aligutuka. Neville alikuwa nyuma ya wavu. Hakuwa amemsikia akifungua mlango.

"Nilitaka kuona kama limekauka tu, mzee. Hiki ni nini?"

"Popo. Wamejaa kwenye mwembe wa jirani."

Popo hunya kutoka juu, na wakinya, hutawanya vitone vitone kama rangi iliyorushwa. Doa hili lilikuwa limejikusanya mahali pamoja, likazama, likapita mpaka chini. Lakini Carmen aliitikia kwa kichwa kana kwamba amekubali.

"Na mto wa Coral?"

"Umechanika. Nimeutupa."

Alipokuwa akipakia mito kwenye pikapu ili akaikaushe kwake, Neville alimfuata mpaka kwenye ngazi, mkono mmoja umeshika reli.

"Lile doa," alisema, "nimekumbuka. Si popo. Coral alimwaga mvinyo."

Mvinyo! Coral Sturgess, mtu wa kanisa tangu utotoni, ambaye hata bia ya tangawizi hainywi kwa sababu ya jina lake! Mtu mwenye jibu moja huenda anasema kweli. Mwenye majibu mawili kwa swali lisiloulizwa mara ya pili, huyo ana lake jambo.

Simu ikalia ndani, Neville akaingia kuipokea. Hapo Carmen alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa mteja yeyote. Alirudi barazani kwa vidole vya miguu, akalibeba zulia begani, akalitupa juu ya mito, akawasha gari.

Nyumbani alilitandaza juu ya nyasi nyuma ya nyumba, akalifungulia maji baridi. Damu huoshwa kwa maji baridi. Maji ya moto huipika, ikang'ang'ania kwenye nyuzi. Akanyunyiza chumvi, akasugua taratibu kwa kiganja, akasubiri. Maji yaliyotoka chini ya zulia yalikuwa ya waridi.

Lenny alikuja na kipande cha pastizzi, sambusa ya Kimalta ya jibini, mkononi, akasimama karibu naye.

"Damu hiyo," alisema Carmen.

"Labda alikuwa anasafisha samaki."

"Samaki huacha magamba, na harufu haitoki hata ukiiombea. Mazulia ya wavuvi nimeosha mangapi mimi?"

"Basi kuku."

"Nani anachinja kuku barazani Eimeo, Lenny? Juu ya zulia? Halafu anatupa mto wa mkewe?"

Lenny akatafuna. "Haya, wapigie polisi. Waambie, kuna mzee kafua zulia, njooni na pingu."

"Cheka tu. Wameoana miaka hamsini na mbili, na sijawahi kusikia mwanamume huyo akimwambia mkewe neno tamu."

"Mimi nimekwambia lini neno tamu? Na bado uko hai."

Lakini Carmen hakucheka. Alichukua simu akamwandikia Coral: *Hongera ya mjukuu, bibi! Unarudi lini? Nimekukosa barazani.* Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini. *Niko salama. Mtoto mzima. Asante.*

Alilisoma mara tatu. Ujumbe wa Coral ulianza daima kwa "Carmen kipenzi," ukaendelea mpaka kidole kikachoka kuusukuma juu, ukaishia kwa baraka na maua ya kila rangi.

"Lenny, sikiliza. Bibi amepata mjukuu wa kwanza. Anaacha kusema ni wa kike au wa kiume?"

Safari hii Lenny hakuwa na mzaha. Aliisoma, akaguna, akasema, "Piga simu basi." Carmen akapiga. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena jioni ile, na kesho yake. Hakuna.

Mito ilikauka kwa siku tatu, ikiwa imesimamishwa wima ili sponji imwage maji. Siku hizo tatu Carmen alilala vibaya. Kwenda polisi na nini? Na maji ya waridi yaliyokwisha kunywewa na nyasi? Upande mmoja wa moyo ulimwambia, mwanamke wewe, kazi yako ni ukungu. Upande wa pili ukamwonyesha Coral kwenye kiti chake, akipiga makofi kila meza ilipong'aa kwa mafuta mapya.

Asubuhi ya siku ya nne Lenny aliitwa kiwandani. "Nisubiri niende nawe," alisema. "Usiende peke yako."

"Si ulisema polisi waje na pingu?"

"Carmen, sitanii."

"Saa sita mchana nikiwa sijakupigia, njoo."

Alifika Eimeo saa nne. Baraza lilikuwa kimya, mlango wa mbao wazi, wa wavu umefungwa. Alipanga mito kwenye viti vitano, kimoja kimoja. Kiti cha Coral kikabaki kitupu. Zulia alilitandika mahali pake. Alitaka mzee alione. Kisha akatoa simu, akampigia Coral kwa mara ya mwisho, akisikiliza ikiita sikioni mwake.

Ikaita na jikoni.

Wimbo ulikuwa uleule wa kanisani ambao simu ya Coral iliimba siku zote. Mlio ukasogea, ukakaribia, na Neville akatokea nyuma ya wavu, kofia kichwani, simu ya mkewe ikiimba mkononi mwake.

"Kwa nini unampigia mke wangu?"

"Kwa nini wewe unayo simu yake?" Sauti ilimtoka juu kuliko alivyotaka. "Wewe ndiye uliyenijibu, sivyo? Coral yuko wapi? Umemfanya nini?"

Neville alimtazama. Ilikuwa kama maneno yanamfikia kutoka mbali, moja baada ya jingine. Kisha mdomo ukamfunguka.

"Nimemfanya... Wewe ulidhani mimi..." Akafungua mlango wa wavu, akatoka, akapepesuka, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Ulidhani nimemuua Coral."

"Damu ile ni ya nani?"

Alijiachia kwenye kiti akavua kofia. Juu ya sikio la kushoto nywele nyeupe zilikuwa zimegandamana, na chini yake kulikuwa na jeraha refu, kavu na jeusi, lisilo na mshono hata mmoja.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Siku mbili baada ya Coral kuondoka, Neville alipanda juu ya kiti kufunga turubai la kivuli lililolegea. Kiti kikateleza, akapiga kichwa kwenye pembe ya meza. Alikuwa anatumia vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, vya moyo, na damu nyepesi haina breki. Alilala juu ya zulia kutoka asubuhi mpaka alasiri, akiukandamiza mto wa Coral kichwani, akisikia jirani akikata nyasi, asiite.

"Kwa nini hukuita?"

"Ni mara ya tatu tangu Agosti." Aliyatoa maneno polepole, mazito, kama mtu aliyeamshwa. "Mara ya pili mwanangu wa kiume alisema, baba, ikitokea tena tunauza nyumba, mnaenda makao ya wazee. Coral akalia wiki nzima. Nyumba hii nimeijenga mimi, binti. Kila msumari."

"Na simu?"

"Aliisahau mezani. Mtoto ni njiti, Coral aliondoka mbio na uwanja wa ndege uko mbali. Anatumia ya binti yetu. Ulipomwandikia nikasema, huyu mama ameona doa, asipojibiwa atamtafuta Coral kwa binti yetu amweleze. Nikajibu mimi." Akajaribu kutabasamu, na tabasamu likapanda upande mmoja tu wa uso.

Carmen aliliona lile tabasamu, na hofu aliyokuja nayo ikamtoka ikaingia nyingine.

"Mpigie Coral. Sasa hivi. Nimsikie kwa masikio yangu."

Alipiga namba ya binti yao, na vidole vyake vya kulia vilikosea mara mbili. Halafu sauti ya Coral ikajaa barazani, ya juu, ya mwalimu, hai kabisa.

"Neville! Umekula? Usiniambie ni mikate tupu tena. Kameza maziwa yote leo, kilo moja na nusu sasa, na ana pua yako, maskini, msichana mzima na pua hiyo! Carmen alikuja? Mwambie mto wangu asiutie siki nyingi, rangi itatoka."

Carmen aliziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka bila ruhusa.

"Na wewe hujambo?" Coral akauliza. "Mbona sauti nzito?"

Neville alimwangalia Carmen. Mtu yule mkubwa, aliyesimamia mitambo na wanaume mia mbili, alikuwa akimwomba kwa macho kama mtoto. Akatikisa kichwa mara moja. *Usiseme.*

"Mzima kama chuma," alisema kwenye simu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bibi yake Carmen alikuwa na maneno yake ya Kimalta yenye maana hiyohiyo, makali zaidi. Carmen aliinama juu ya simu.

"Coral, ni mimi, Carmen. Niko hapa barazani. Mumeo ameanguka, ameumia kichwa. Hajaenda kwa daktari, na uso wake siupendi. Naita ambulensi."

Neville alifumba macho. Hakumwambia kitu, wala wakati wa kusubiri, wala walipombeba kwa machela kushuka ngazi. Alipopita karibu naye tu alisema, "Sikukukosea kitu mimi."

Damu ilikuwa ikivuja polepole ndani ya fuvu kwa siku kumi na mbili, ikiusukuma ubongo. Daktari alimwambia Carmen hivyo akidhani ni binti wa mgonjwa. Neville alirushwa Townsville kwa ndege mchana uleule, akapasuliwa. Coral alimwacha mjukuu kwenye kisanduku cha joto akaja. Neville alipona, ila mkono wa kulia haukurudi sawasawa. Watoto wao wakakutana, na kufikia Juni nyumba ya kilimani ilikuwa ya watu wengine.

Carmen alikwenda hospitalini mara mbili. Mara zote mbili Neville aligeukia ukutani. Hakwenda tena, na kwa miezi mingi kila alipopita Eimeo na ndoo zake alichukua njia ya chini, asiione ile nyumba. Lenny alimwambia, "Ulimwokoa." Akamjibu, "Nilikwenda kumkamata, Lenny. Kuokoa kulitokea njiani."

Novemba, wiki ya pili, simu ikalia.

"Carmen kipenzi! Tuna kibaraza hapa, kama kitambaa cha mkono, viti viwili tu, lakini ukungu hauangalii udogo. Unakuja lini?"

Walikuwa wakikaa kwenye makao ya wazee karibu na mto Pioneer, chumba cha chini. Neville alikuwa nje, kwenye kiti, mkongojo pembeni. Carmen alisema habari za asubuhi, na Neville hakujibu. Carmen akapiga magoti akaanza kufungua foronya za mito. Coral alikaa kwenye kiti cha pili akieleza jinsi zipu inavyofunguliwa.

"Hujamwambia?" Neville akamuuliza Carmen ghafla.

Carmen aliinua uso. "Kumwambia nini?"

"Coral," Neville akamgeukia mkewe, akimwelekezea Carmen kidole cha mkono mzima, "unajua rafiki yako alikuja siku ile kufanya nini? Alidhani nimekuua. Nimekufunga sijui wapi, nimekutupa sijui wapi. Aliniuliza usoni: *umemfanya nini?*"

Coral alimtazama mumewe, akamtazama Carmen, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani. "Neville? Huyu? Kuua mende tu mpaka aniite mimi!" Kisha kicheko kikapungua, kikaisha, naye akafuta miwani kwa ncha ya sketi.

"Kweli ulidhani hivyo, Carmen?"

"Kweli."

"Na ukaja peke yako?"

Carmen akatazama brashi yake. "Mito ilikuwa imekauka," alisema. "Ilibidi niirudishe."

Coral akanyoosha mkono akamshika Carmen bega, akalikaza, akaliachia.

"Umekosea kitu kimoja," Neville alisema. Sauti yake haikuwa na tabasamu, lakini ilikuwa imemgeukia Carmen, mara ya kwanza baada ya mwaka. "Zulia ulilitandika kinyume. Siku ile. Nilitaka kukwambia, wakawahi kunibeba."

"Upande upi ulikuwa wa juu?"

"Sijui. Muulize yeye. Mimi nilikuwa naishi tu pale."

Coral akaingia ndani kuweka maji ya chai, akiendelea kuongea peke yake. Carmen akachovya brashi kwenye siki, na Neville akainua miguu yake, mmoja kisha mwingine kwa shida, ili apate nafasi ya kusugua.